Daktari wa familia: tunamtafuta kwa jina, tumtafute kwa kukaa

Mtu akigunduliwa kuwa na presha hapa Mombasa, swali la kwanza analowauliza jamaa zake ni hospitali gani nzuri. La pili ni bingwa gani anayesifiwa. Sijasikia wengi wakiuliza la tatu: nani ataiangalia presha hii mwaka huu, mwaka ujao, na miaka kumi baadaye? Nashikilia kwamba hilo la tatu lina uzito kuliko yale mawili yakiunganishwa. Nashikilia pia kwamba ugumu wa kulijibu hautokani na uzembe wa wagonjwa, unatokana na namna nchi yetu ilivyopanga huduma za afya. Tumejenga majengo na kununua mitambo, kisha tukaweka ndani yake wahudumu wa kupita.

Wengi wakisikia "daktari wa familia" huwaza mambo mawili, na yote si sahihi. Wengine hufikiri ni daktari wa matajiri, anayeitwa nyumbani usiku na kulipwa kwa hundi. Wengine hufikiri ni daktari wa kawaida aliyeshindwa kuendelea na masomo. Kwa kweli udaktari wa familia ni ubingwa kama ubingwa mwingine. Hapa Kenya ulianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005, na baadaye vyuo vingine vikafuata, vikiwemo Aga Khan na Kabarak. Anayeusomea huwa tayari ni daktari kamili, kisha anaongeza miaka minne. Anafunzwa watoto, wajawazito, wazee, sukari, presha, pumu, sonona, vidonda visivyopona na upasuaji mdogo. Juu ya hayo anafunzwa kumfuatilia mtu yule yule muda mrefu, kujua nani anaishi naye, anakula nini, analala wapi, na lini mzigo wake unahitaji bega la bingwa mwingine. Bingwa wa moyo anaujua moyo. Huyu anakujua wewe, na moyo wako ukiwemo.

Je, kujuana huko kuna faida inayopimika, au ni raha ya mazungumzo tu? Norway ilianzisha mwaka 2001 mpango ambao kila mkazi ana daktari wake wa kudumu, aliyeandikwa kwa jina. Mwaka 2022 watafiti wa nchi hiyo walichapisha uchunguzi uliohusu watu wapatao milioni 4.5. Waliwalinganisha waliokuwa na daktari mmoja kwa mwaka mmoja tu na waliokaa na daktari yule yule zaidi ya miaka 15. Kwa hawa wa pili, uwezekano wa kufariki katika mwaka uliochunguzwa ulikuwa pungufu kwa takriban robo, na uwezekano wa kulazwa kwa dharura au kukimbilia huduma za nje ya saa za kazi ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30. Tena faida ilipanda hatua kwa hatua kadiri miaka ilivyoongezeka. Norway ni nchi tajiri, na mtu anayehamahama huenda akawa na matatizo mengine yanayomdhoofisha, kwa hiyo sisemi kwamba kukaa na daktari mmoja kutaokoa roho kwa kiwango kile kile Likoni au Lodwar. Lakini hawako peke yao. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 22 kutoka nchi mbalimbali kuhusu jambo hili, na 18 kati yake zilionyesha vifo pungufu pale mgonjwa anapoendelea na daktari yule yule. Ingekuwa ni kidonge kinachotoa matokeo hayo, tungekuwa tunaandamana kukidai.

Sababu zake ni rahisi kuziona ukifuata safari ya mgonjwa mmoja. Chukua mama wa miaka sitini wa Kisauni anayeumwa na magoti. Anakwenda kemisti, anauziwa diclofenac. Magoti yanatulia, na kila yakimsumbua anarudi kununua nyingine. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofen, zina tabia ya kupandisha presha na kuzipunguzia nguvu baadhi ya dawa za presha. Baada ya miezi anapimwa kwenye kambi ya matibabu ya bure, presha iko juu, anaandikiwa amlodipine. Amlodipine huwavimbisha baadhi ya watu miguu, na yeye ni mmoja wao. Anakwenda zahanati nyingine iliyo karibu na kwa bintiye. Aliye zamu hamjui, anaona miguu imevimba na presha ipo, anauwazia moyo, anamwandikia furosemide ya kutoa maji. Sasa mama anaamka mara kadhaa usiku kwenda haja ndogo. Akisimama anaona kizunguzungu. Figo zake, ambazo tayari zilikuwa zinabanwa na dawa ya magoti, sasa zinapungukiwa na maji pia. Mwisho wa safari anatumwa kwa bingwa wa figo, na familia inaanza kuchangisha pesa.

Tazama kila kituo cha safari hiyo. Kila aliyemhudumia alifanya jambo lenye mantiki kwa kile alichokiona siku ile, ndani ya dakika chache alizokuwa nazo. Aliyekosekana ni mtu mmoja aliyemwona tangu magoti, ambaye siku ya presha angeuliza, "Mama, zile dawa za magoti bado unameza?" Swali hilo linachukua muda mfupi kuliko kujaza fomu ya maabara, na aghalabu anayelifikiria ni mtu anayekumbuka. Ndiyo maana nasisitiza kumbukumbu kuliko sifa. Daktari wa kawaida anayekumbuka magoti yako anaweza kukusaidia kuliko bingwa mashuhuri anayekuona kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Na mama huyo si wa nadra. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu robo ya Wakenya wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Haya ni maradhi ya kuishi nayo. Mtu anapoishi na maradhi miaka thelathini, anamhitaji mtu wa kumsindikiza miaka hiyo, si foleni mpya kila mwezi.

Basi yuko wapi daktari wa familia wa Kenya? Kwanza, ni wachache mno. Miongo miwili tangu Eldoret ianze kufundisha, hawajafika hata elfu moja, katika nchi iliyohesabu watu milioni 47.6 mwaka 2019. Pili, na hili linaniumiza zaidi kwa sababu lingeweza kurekebishwa bila kumsomesha hata daktari mmoja mpya, wengi wa hao wachache hawakai karibu na familia. Kaunti huwapeleka hospitali za ngazi ya 4 na ya 5. Huko wanakuta uhaba, na kwa kuwa wamefunzwa mambo mengi, wanazibishwa kila pengo: leo wodi ya watoto, kesho upasuaji wa uzazi, keshokutwa ofisi ya msimamizi wa hospitali. Siwalaumu wao, wala simlaumu mkurugenzi aliye na mama mjamzito mezani na hana daktari mwingine wa kumwita. Lakini matokeo ni kwamba tumemsomesha mtu miaka minne ili amjue mgonjwa kwa muda mrefu, kisha tukampa kazi ambayo haimruhusu kumwona mgonjwa mmoja mara mbili.

Kwenye karatasi tumeshalimaliza tatizo hili. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi, iliyotiwa saini Oktoba 2023 pamoja na nyingine tatu za afya, inataka kila eneo liwe na mtandao: hospitali moja katikati, vituo vya afya na zahanati kuizunguka, na wahamasishaji wa afya ya jamii wakitoka nyumba hadi nyumba. Mpango wa Wizara unamweka daktari wa familia kuwa kiongozi wa kikosi kinachozungukia vituo hivyo. Wahamasishaji hao zaidi ya laki moja walizinduliwa Septemba 2023, wakapewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Nauunga mkono mpango huu kwa moyo wote. Ila mhamasishaji akipima presha ya mama wa Kisauni na kuikuta juu, lazima awe na mtu wa kumpelekea taarifa, mwenye jina, anayejulikana siku zake. Bila mtu huyo, kipimo kinabaki kuwa namba kwenye simu.

Tuliwahi kujaribu njia ya mkato. Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwagawa katika kaunti, na zaidi ya nusu yao, 53, walikuwa madaktari wa familia. Mwaka huo huo Kenya ilipeleka madaktari wake 50 Cuba kusomea ubingwa huo huo. Anayetazama juu juu atasema serikali ilikuwa imeelewa. Nami naona ilielewa nusu. Cuba yenyewe, ilipoanzisha mpango wake mwaka 1984, ilimweka daktari na muuguzi wakae ndani ya mtaa wanaouhudumia, na mwanzoni kila jozi ilipewa familia zipatazo 120. Siri yao ilikuwa ile anwani: daktari alikuwa jirani. Sisi tuliwachukua madaktari tukaiacha anwani. Wakawekwa hospitalini kama mabingwa wengine, wakalindwa na polisi pale penye hatari, na hata hivyo wawili walitekwa nyara Mandera Aprili 2019. Wengi walihitaji msaada wa lugha, ilhali kazi ya daktari wa familia hufanyika kwa lugha zaidi ya kwa kipimo. Mgonjwa akisema "moyo unanienda mbio na usiku silali," daktari anatakiwa asikie kama hiyo ni tezi ya shingo, ni upungufu wa damu, au ni mume aliyeondoka. Mkataba na Cuba uliachwa kuendelezwa mwaka 2023. Wakati wote huo vyuo vyetu wenyewe vilikuwa vikitoa wahitimu wanaosema Kiswahili, Kigiriama, Kiluhya na Kikalenjin, na nafasi za kuwaajiri zilikuwa haba.

Kwa hiyo kwa familia nyingi, anayeweza kushika nafasi hii leo ni tabibu (clinical officer) wa kituo cha afya, yule ambaye sote tunamwita daktari bila kuuliza cheti. Sioni aibu kusema hivyo. Tabibu mwenye uangalifu, aliyekaa kituo kimoja miaka sita, anaweza kuifahamu mitaa yake kuliko daktari yeyote wa mjini. Tatizo ni hiyo miaka sita. Tangu ugatuzi wa 2013 uhamisho, mikataba mifupi na mishahara inayochelewa vimewafanya wahudumu kuwa wasafiri. Migomo nayo imekuwa sehemu ya kalenda: ule wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100, wa 2024 ukachukua siku 56, na matabibu nao wamekuwa na yao. Ninaunga mkono madai yao mengi. Anayedharau mkataba wa mhudumu anaukata uzi unaomfunga na mgonjwa, na mgonjwa ndiye anayeanguka.

Nije kwa msomaji anayemtafuta mtu huyu sasa, kabla mipango ya serikali haijatimia. Kwanza hakikisha leseni. Baraza la madaktari, KMPDC, lina rejista kwenye mtandao ambayo mtu yeyote anaweza kutafuta jina na kuona ubingwa na kama leseni ya mwaka imelipiwa. Matabibu wana baraza lao. Ukitaka bingwa wa familia hasa, ulizia kliniki ya wagonjwa wa nje katika hospitali kubwa ya kaunti yako, hospitali za misheni na hospitali za binafsi za mijini. Usiulize "mna daktari mzuri?" maana jibu lake ni ndiyo siku zote. Uliza kama kuna daktari wa familia, na siku gani yupo.

Ukimpata, iwe ni daktari au tabibu, ziara ya kwanza usiende ukiwa hoi. Nenda na jambo dogo, kupima presha au kuonyesha matokeo ya zamani, ili umtazame akifanya kazi. Muulize: Nikija tena mwezi ujao nitakukuta wewe? Faili langu linakaa wapi? Ukiwa likizo nani ananiona, na atasoma ulichoandika? Haya ni maswali ya heshima kabisa na daktari wa kweli hayamkeri. Mtazame kama anakuuliza dawa zote unazotumia, zikiwemo za kemisti na za miti shamba, na kama anaandika. Mtazame anavyokwambia "sijui, ngoja nikutume kwa fulani," kwani asiyesema neno hilo kamwe ni wa kuogopwa. Kipimo kikubwa zaidi huja ziara ya pili: je, anarejelea ulichomwambia ya kwanza bila wewe kumkumbusha?

Ukaribu pia uupe uzito kuliko watu wanavyoupa. Daktari aliye matatu mbili kutoka kwako utamwona ukiwa mgonjwa sana tu. Aliye mwendo wa miguu utamwona kabla. Kwa mwenye sukari tofauti hiyo yaweza kuwa mguu uliookolewa au uliokatwa.

Lile daftari la mazoezi ambalo zahanati nyingi hutuambia tununue, lenye picha ya mwanasoka kwenye jalada, lihifadhi kama hati ya shamba. Watu hulitupa likijaa, au wanakuwa na madaftari matatu, moja kwa kila kituo. Liwe moja, lifuate mgonjwa kila mahali hadi kemisti, na ukurasa wa kwanza uandike dawa zote, vipimo vya tarehe gani, na dawa zinazokudhuru. Kumbukumbu za kidijitali zimeahidiwa, na mojawapo ya sheria za 2023 inazihusu, lakini siku ambayo mtandao haupo utakuwa na daftari. Ukitumwa kwa bingwa, mwombe akuandikie majibu ya kumrudishia aliyekutuma. Wengi hawaandiki wasipoombwa, na hapo ndipo mama wa Kisauni anapopotea.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo; mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na huduma za zahanati na vituo vya afya zinagharimiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Hilo la mwisho ni jema, kwa sababu linampa mtu sababu ya kuanzia karibu na nyumbani. NHIF ilimtaka mwanachama achague kituo cha matibabu ya nje, na kosa la mpango ule, kwa maoni yangu, lilikuwa kumfunga mtu kwenye jengo. Ndani ya jengo alikutana na yeyote. Kama SHA inataka pesa zake zizae afya, ilipe kikosi chenye majina kwa ajili ya kaya zilizoorodheshwa, na ilipe zaidi pale kaya hizo zinapoonwa na watu wale wale mwaka hadi mwaka.

Kaunti nazo hazihitaji kusubiri Nairobi. Zinaweza kumwandikia kila daktari wa familia ratiba ya siku mbili au tatu kila wiki katika vituo vya afya vilivyotajwa, siku ambazo hospitali hairuhusiwi kumvuta kwenda wodini. Zinaweza kumwacha tabibu pale alipo kwa miaka mitano na kumpandisha cheo hapo hapo, badala ya kumfanya ahame ndipo apande. Hakuna jengo jipya katika mapendekezo haya mawili, na nadhani ndiyo sababu wanasiasa hawana hamu nayo.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Kwenye vikao hivyo watu huulizia barabara, basari na taa za mitaani. Aulize mtu na haya: kaunti ina madaktari wa familia wangapi kwenye orodha ya mishahara, kila mmoja amepewa vituo gani vya afya, na mwezi uliopita alikaa katika vituo hivyo siku ngapi? Afisa wa afya hahitaji utafiti kujibu, majibu yako kwenye orodha ya mishahara na ratiba ya zamu. Yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na mwaka unaofuata yaulizwe tena na mtu yule yule.